Mafunjo kwa Wifi

Mbinga,
5 Novemba 2023

Kwako Wifi Hilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ukiona namba yangu unaigeuza simu kifudifudi, kwa hiyo nimechukua kalamu. Barua huwezi kuikatia.

Huku tunaendelea. Mvua imetutishia mara kadhaa ikapita zake kwa wengine. Kaburi la marehemu kaka limekaa vizuri, nimelizungushia ukingo wa matofali. Misa ya mwaka itakuwa Aprili, na jumuiya yote itakuja kula hapa nyumbani, ndiyo maana nachimbisha kidimbwi mbele ya nyumba, pale maji ya chemchemi yanapopita kabla ya kushuka. Pembeni nataka kuotesha yale mafunjo madogo, yenye kichwa kama mwavuli. Niliyaona kwenye bustani ya nyumba ya wageni hapa mjini, kwenye harusi ya mtoto wa Winifrida, watu wamepanga foleni kupiga nayo picha. Nikauliza yametoka wapi, nikaambiwa ziwani, upande wa kwenu.

Nakumbuka wewe ulikuwa nayo kwenye karai pale mlangoni. Najua unachofikiria. Ni kweli lile karai nililitupa siku ile. Nilidhani ni majani ya bwawani tu, yanavuta nyoka. Tusirudi huko.

Nitumie mashina machache pamoja na udongo wake, yasije yakashtuka njiani, na unieleze yanavyotunzwa. Mkono wangu ni wa kahawa na mahindi. Majani ya mapambo sijayazoea. Yakifika salama, nami nina neno la kukuambia kuhusu lile shamba la bondeni. Si neno la kuandika kwa haraka.

Magunia mawili matupu nimempa dereva.

Wifi yako,
Kunigunda


Lundo,
9 Novemba 2023

Mdogo wangu Asteria,

Hujambo? Na shemeji Kilian je, mgongo umepoa? Ningekupigia, lakini huku mtandao unapatikana pale kwenye mteremko wa shule tu, na ukisimama pale na simu, kijiji kizima kinaacha shughuli zake kikusikilize. Ninayotaka kukuambia si ya kijiji.

Kunigunda ameniandikia. Anaomba mafunjo. Nimeisoma barua nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, maana nilidhani macho yananidanganya. Mwanamke aliyenitolea masanduku yangu nje hata wiki ya msiba haijaisha, anaomba majani ya mapambo. Wewe ulikuwepo. Ulimsikia akisema mbele ya waombolezaji kwamba mwanamke wa ziwani aliyezaa binti mmoja hana cha kudai, ngolo za Clemence zirudi kwenye damu ya Clemence. Kana kwamba damu ya Jacqueline ni ya samaki.

Nyumba sikuililia, Asteria, unajua. Nililia shamba la bondeni. Ule mteremko ulikuwa pori tupu mwaka niliobeba mimba ya Jacqueline. Clemence alifyeka akayalaza majani katika miraba ya ngolo kama wanavyofanya Wamatengo, mimi nikaja nyuma na jembe nikiyafukia, shimo baada ya shimo, mpaka tukafika kwenye mfereji. Kila aliyepita aliambiwa hilo ni la Jacqueline. Sasa huyu ananiandikia kwamba ana neno kuhusu bondeni, si la haraka. Neno gani? Ameshaliandikisha kwa jina lake, na anataka nilisome kwa macho yangu mwenyewe huku akipiga picha na mafunjo.

Basi nitampa mafunjo, tena mazuri. Lakini nahitaji kitu kutoka kwako. Lile shamba lenu la karanga ambalo Kilian alilikimbia kwa sababu ya gugu la ndago, bado ndago ipo? Nichimbie. Sitaki majani, nataka vile viazi vyake vidogo vyeusi vya chini, ujaze kopo. Nitavichanganya na udongo wa mafunjo. Ndago changa na mafunjo machanga hata mimi huwa sivitofautishi mpaka niiname.

Na hapa ndipo wifi yangu atakapojimaliza mwenyewe. Mmatengo hatupi jani. Akilima magugu anayazika kwenye ngolo yawe mbolea, na amefanikiwa hivyo tangu babu zake. Lakini ndago ukiikatakata na kuizika umeitandikia kitanda. Atailima kwa jembe lake, ataizika kwa jembe lake, na kila msimu atakuwa ameipanda upya.

Kama shamba lile si la Jacqueline, basi lisiwe la mtu.

Dada yako,
Hilda


Chiwanda,
14 Novemba 2023

Dada Hilda,

Shikamoo. Sisi wazima, mgongo wa Kilian unamsumbua akiona jembe tu.

Nimechimba ulichoagiza. Nilimwambia Kilian ni dawa ya tumbo. Nimechimba huku nikijiambia ni kwa ajili yako, maana kwa ajili ya mtu mwingine nisingekaribia lile shamba. Unajua tulilifanyaje? Tulilima, tukachoma moto, tukaingiza mbuzi, tukaliacha lipumzike. Mwaka uliofuata tukapanda viazi vitamu, na siku ya kuvuna nikakuta kiazi ndago imekitoboa katikati, imetokea upande wa pili kama sindano. Hapo ndipo Kilian aliweka jembe begani akarudi nyumbani, na hajarudi kule mpaka leo.

Sikatai hasira yako. Kunigunda alistahili kupigwa makofi siku ile na mimi ndiye niliyekushika mikono. Lakini nikuulize, dada: una hakika shamba ameshalichukua? Amekuambia nani? Jacqueline anasemaje? Wao ni ukoo mkubwa, wana vikao vyao, na yule mzee Bernadi hakupendezwa na mambo yale, nilimwona usoni. Muulize kwanza hilo neno ni neno gani, halafu utume magunia. Ndago haijui wifi wala shangazi. Ukishaiachia haiitiki ukiiita.

Kopo lipo chini ya dagaa wakavu wa usipa niliokutumia. Usije ukalipika.

Mdogo wako,
Asteria


Lundo,
20 Novemba 2023

Wifi yangu Kunigunda,

Shikamoo. Barua yako imefika na imenifurahisha kuliko ulivyotarajia. Ni kweli tusirudi nyuma. Majani ni majani, na karai lenyewe lilikuwa limetoboka.

Nimekuchagulia mashina bora ya hapa kwetu, yamekuja na udongo wake kama ulivyotaka. Sasa sikiliza.

Mafunjo yanataka miguu majini na kichwa juani. Yapange ukingoni mwa kidimbwi, maji yafunike mizizi tu, yasipande juu ya shina. Jua la asubuhi linayatosha, mchana yakipata kivuli yanakushukuru. Samadi weka kidogo, iliyooza vizuri. Baridi yenu ya Juni itayachoma ncha, usiogope. Shina likigeuka njano likate chini kabisa, usiliache kisiki, na jipya litachipua. Ukitaka kuyaongeza, kata kichwa pamoja na kipande kifupi cha shina, punguza ule mwavuli kwa mkasi, kisha kigeuze ndani ya maji kichwa chini. Kitaota mizizi hivyo hivyo kikiwa kimepinduka. Clemence alikuwa akinicheka sana kwa hilo, mpaka alipoona.

Baada ya mvua za kwanza utaona pembeni vinachipua vidogo, vyembamba, vinang'aa. Vingirisha shina lake kati ya vidole, utasikia pembe tatu, kama mama yao. Hao ni watoto. Wakizidi usiwang'oe kwa mkono, utaumiza mizizi ya mama. Pitisha jembe juu juu, tena mara kwa mara. Na ukishawalima usiwatupe. Wapeleke bondeni uwazike kwenye ngolo. Ni mbolea kuliko mabua ya mahindi.

Nasubiri hilo neno lako. Sina haraka.

Wifi yako,
Hilda


Mbinga,
3 Desemba 2023

Wifi Hilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Magunia yamefika salama, hakuna shina lililovunjika. Nimeyafungua mwenyewe, sikutaka mtu aniharibie. Mafunjo yamesimama kwenye maji yake kama masista kwenye benchi la mbele, na kila anayepita anauliza.

Udongo wako nimeutumia wote. Hata uliobaki kwenye mishono ya gunia nimeukung'uta. Kitu kilichotoka kwa wifi hakimwagwi.

Nimesoma maelekezo yako mara nyingi. Umeandika vizuri, ungeweza kuwa mwalimu. Nitayafuata yote, hasa lile la watoto na ngolo. Nimefurahi kwamba hujalisahau shamba la bondeni. Sikujua unalipenda kiasi hicho.

Lile neno nilitaka kukuandikia leo. Nimefikiri tena, nimeona lisubiri misa ya Aprili. Litakuwa tamu zaidi.

Wifi yako,
Kunigunda


Lundo,
18 Februari 2024

Asteria mdogo wangu,

Imeshika.

Kunigunda ameniandikia tena, barua ya kurasa mbili, sijawahi kuona barua tamu namna hiyo. Anasema watoto wa mafunjo wametoka wengi baada ya mvua, amewalima kila walipochomoza, na kila mara amewabeba na karai mpaka bondeni akawazika. Kuna mraba gani haujapata, ananiuliza, maana amefika mpaka kwenye mfereji na watoto bado wapo. Nimemjibu aendelee. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Usiniambie tena habari za kumuuliza Jacqueline. Mtoto yuko wodini Songea, anakesha na wagonjwa wa watu, nimpigie nimwambie shangazi yako amekula shamba la baba yako? Alilia vya kutosha kwenye mazishi. Siku akiliulizia shamba nitamwambia limekufa, na waliolichukua hawakufaidi. Hilo litamtosha, na mimi litanitosha.

Kuna asubuhi nakwenda ufukweni kununua samaki, nawaona wenzangu wa umri wangu wanaanika usipa kwenye vichanja vyao, na wajukuu wanafukuza kunguru, wana kwao. Mimi nalala kwenye chumba cha kaka, na mkewe ananipakulia kama mgeni. Wewe una mume na una mlango wa kufunga. Mimi Kunigunda alinifungia mlango niliousafisha tangu nikiwa msichana. Kwa hiyo usinihurumie yule mwanamke. Kila nikikumbuka karai langu pale jalalani, naomba Mungu aongeze mvua Mbinga.

Kopo lako nimeliosha. Nitakurudishia likiwa na sukari.

Hilda


Mbinga,
17 Aprili 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekupigia sana hupatikani, na furaha yangu haiwezi kusubiri mpaka ukapande mteremko wa shule. Nimempa barua hii dereva yule mnene wa basi la Mbamba Bay, amenihakikishia itakufikia.

Misa ya Baba ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu. Nilikutafuta kwa macho mpaka mwisho. Shangazi alisema mafua yamekushika umeshindwa kusafiri. Pole sana Mama, lakini ungeniambia nikutumie dawa. Baada ya chakula baba mkubwa Bernadi alisimama akatangaza mbele ya jumuiya kwamba kikao cha ukoo kilichokaa Oktoba kiliamua: shamba la bondeni ni langu, na chumba cha pembeni ni changu, nami nina ruhusa ya kumweka humo nimtakaye. Akasema Shangazi ndiye aliyepewa kazi ya kukuarifu, na Shangazi akajibu alishakuandikia tangu Novemba. Mama! Umekaa na habari hii miezi yote hii? Ulitaka nishtukizwe? Niliona Shangazi anatabasamu, nikajua mlipanga pamoja. Niliwaza, basi wamepatana, nikalia mbele ya watu wote bila aibu.

Bustani ya Shangazi imependeza mno. Ni mafunjo yako, ameniambia. Nimekata kichwa kimoja nikakipindua kwenye maji kama ulivyokuwa ukifanya kwenye karai.

Nimechukua likizo nimeanza kulima. Shangazi anasema mwaka huu alilipumzisha shamba, hakupanda kitu, na kweli limefunikwa na majani membamba yanayong'aa, kijani toka juu mpaka kwenye mfereji, kama zulia. Sijayazoea majani haya. Nimechukua jembe la Baba nikalima miraba ya juu, nikayafukia kwenye ngolo vile vile mlivyonifundisha. Baada ya siku chache yamerudi, tena mazito zaidi. Nimemuuliza Shangazi ni majani gani na yametoka wapi. Ameniambia, "Mama yako ndiye anayeyajua. Muulize yeye."

Kwa hiyo nakuuliza, Mama. Ni majani gani? Nataka niyamalize kabla ya kupanda maharage, halafu nikuletee nauli uje ukae chumba cha pembeni. Hutalala tena kwa mjomba.

Mwanao,
Jacqueline


Mbinga,
17 Aprili 2024

Hilda,

Barua hii imepanda basi moja na ya mwanao. Soma ya kwake kwanza. Kama umeshaisoma, basi kaa chini.

Gunia lako la kwanza lilipofunguka niliona kiazi cheusi kimelala juu ya udongo. Nikakivunja kwa kucha, nikakinusa. Ile harufu siwezi kuisahau. Wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni, mimi nilikuwa napiga magoti kwenye bustani ya masista, na uma wa bustani mkononi, nikichokoa ndago kiazi kimoja kimoja, na sista amesimama nyuma yangu ananihesabia. Ulidhani kwa kuwa natoka milimani sijui linaloota bondeni.

Neno nililokuwa nalo Novemba lilikuwa ni hili la mwanao. Kikao kilinipinga. Bernadi alinisema mbele ya vijana, akasema nilikufanyia unyama. Iliniuma, lakini nilikubali. Nilikuwa nimetenga kiti chako kwenye misa, karibu na changu. Mafunjo niliyaomba kwa sababu nilitaka mafunjo, na kwa sababu sikujua nianzeje kukuandikia barua ya namna ile. Nilitaka kwanza unijibu kitu chepesi.

Halafu nikafungua gunia.

Ungekuja kunitukana mlangoni ningekuacha umalize, nikupe na chai. Lakini ulitaka kuua ardhi aliyoilima kaka yangu, tena kwa mikono yangu mimi, na kwa ngolo ya babu zangu. Basi nikakutii. Nilichukua mafunjo shina kwa shina nikayaosha mizizi kwenye beseni mpaka ikawa myeupe, ndipo nikayapanda. Udongo wako na kila kiazi nilichookota humo nikabeba bondeni. Nilikiotesha, nikakilima, nikakizika, kama ulivyoandika. Hakuna mstari wa barua yako ambao sikuutimiza. Tarehe ya misa tu ndiyo sikukuandikia, na mafua nikakusingizia.

Wewe ulisema litakuwa la Jacqueline, na kikao kimesema hivyo hivyo. Sasa ni lake, na vilivyomo.

Bado hajui. Nimemwachia mama yake amweleze.

Kunigunda


Mbinga,
2 Juni 2024

Mdogo wangu Asteria,

Usishangae ukiona ninapoandikia. Niko kwenye chumba cha pembeni, nyumba ya Clemence, na kizingiti ninachokiona ndicho nilichokuwa nikikideki.

Ulinionya, sikusikia. Sitaki kulizungusha. Barua zao mbili nilizisoma pale pale stendi, nikapanda basi lile lile lililozileta, na kanga niliyoivaa. Jacqueline nilimkuta bondeni, ameinama na jembe la baba yake. Alinikimbilia, akanikumbatia, akaniambia umekuja haraka hivi. Nilimwambia pale pale, kabla hajaniachia, maana nilijua nikisubiri chai nitadanganya. Nilimwambia ni ndago, na aliyeileta ni mimi, na nilivyoileta, na kwa nini.

Aliniachia. Akaangalia mteremko wote, toka juu mpaka kwenye mfereji. Nilingoja anililie au anifukuze. Akasema, "Mama, shika jembe."

Hajaniita mama tena tangu siku ile. Akitaka chumvi anaichukua mwenyewe. Alirudi Songea likizo ilipoisha, na kila akipata nafasi anapanda kuja, anabadili nguo anashuka shambani, na jioni anaondoka. Mimi nabaki nachimba. Ndago haitoki kwa kulima juu juu, unajua. Lazima uvunje tuta, uchimbue udongo mpaka chini, uuchekeche kwa vidole. Kwa hiyo ngolo zote za Clemence nazivunja, Asteria. Zile alizolaza yeye majani na mimi nikafukia. Juzi nilikuta chini ya tuta moja kipande cha mpini wa jembe lake la kwanza, lililovunjika akalitupia humo kwa hasira, na mimi nikafukia huku nikimcheka. Nililia hapo mpaka nikashindwa kuona ndago na udongo.

Kunigunda alikuja siku ya kwanza akasimama juu ya mteremko, rozari mkononi, kuniangalia. Nilimwamkia Shikamoo, akaitikia. Alifurahi, hakuficha. Akaniuliza nitakaa mpaka lini.

"Mpaka ndago iishe," nikamwambia.

Uso wake ulibadilika, kwa sababu anaijua ndago kama mimi, na anajua jibu lile lina maana gani. Chumba ni cha Jacqueline, kikao kimesema amweke amtakaye, na Jacqueline hata kwa hasira hizi hajasema nitoke. Kunigunda alinitoa humu kwa asubuhi moja. Sasa tunachota maji chemchemi moja, na jumuiya ikija kusali kwake ananipisha benchi, maana Bernadi yupo anatazama.

Mafunjo yake yamependeza kweli. Baridi imeanza kuyachoma ncha, nikipita nayakatia yale ya njano chini kabisa, bila kuacha kisiki. Hayana kosa.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Aliniandikia kwamba aliosha mizizi kwenye beseni mpaka ikawa myeupe. Nilipofika nilitaka kujua maji ya lile beseni aliyamwaga wapi. Aliyamwaga pale pale kidimbwini alipokuwa amechuchumaa, na maji ya kidimbwi yakifurika hayashuki bondeni peke yake. Yana mkono mdogo unaokata kulia, unaingia kwenye kitalu chake cha miche ya kahawa, ile anayotarajia kuihamishia shamba lote la juu mvua zikianza. Jana nilipita karibu, nikainama kama ninayefunga kiatu. Kwenye viriba vya mstari wa kwanza, ubavuni mwa kila mche, pametoka jani moja jembamba linang'aa. Nilivingirisha shina kati ya vidole. Pembe tatu.

Kunigunda macho yake ya karibu yamechoka siku hizi, na miwani anaivaa kanisani tu. Leo asubuhi alikuwa anaimwagilia miche ile huku anaimba, akaniuliza kama si mizuri. Nikamwambia, "Mizuri sana, wifi. Usiiguse, iache ikue."

Nitumie nguo zangu zote zilizobaki kwa kaka, blanketi zito, na lile jembe langu dogo. Nitakaa sana.

Dada yako,
Hilda